Tairi, mchanga na tope: fizikia ya baiskeli Kharumwa

Umeshawahi kubeba madumu mawili ya maji kwenye baiskeli, ukafika kwenye mchanga, gurudumu la mbele likaanza kwenda linakotaka lenyewe? Kama unaishi Kharumwa au popote pale Nyang'hwale, najua jibu lako. Sasa kuna watu kule Alaska wanaendesha baiskeli juu ya theluji, tena kwa siku kadhaa porini, na hawazami. Wana nini ambacho wewe huna?

Jibu ni eneo. Chukua mfano: wewe kilo 65, baiskeli kilo 20, maji kilo 40. Jumla kilo 125. Tairi nyembamba iliyojazwa upepo hadi PSI 50 inabeba takriban kilo 3.5 kwa kila sentimita moja ya mraba. Gawanya 125 kwa 3.5, unapata kama sentimita 36 za mraba, tairi zote mbili kwa pamoja. Yaani mzigo wote huo umesimama juu ya eneo linalokaribia viberiti viwili vilivyolazwa! Hilo ndilo tunaloita kanieneo: uzito ukigawanywa kwa eneo unaloligusa.

Wale wa Alaska wanatumia tairi za upana wa karibu sentimita 10, zenye upepo kidogo sana. Ukijaza PSI 7 tu, mzigo uleule unasambaa kwenye sentimita 250 za mraba hivi, karibu mara saba zaidi. Theluji, kama mchanga mkavu, ni chembechembe zisizoshikana vizuri. Ukizikandamiza mahali padogo zinakukimbia, ukisambaza uzito zinakubeba.

Basi tupunguze upepo?

Kidogo, ndiyo. Kushuka kutoka PSI 50 hadi 35 kunaongeza eneo kwa zaidi ya theluthi moja. Lakini angalia nyuma, maana gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mzigo. Likiwa na upepo mdogo, ukigonga jiwe tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, inatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Kwa mtu anayetegemea baiskeli kula, pancha mbili porini ni siku imekwisha. Hivyo punguza la mbele, ambalo ndilo linalopotea njia mchangani, na la nyuma liache gumu.

Tope ni kesi nyingine

Miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alionyesha kwamba udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa mpangilio kadiri unavyoshuka mteremko. Mpangilio huo aliuita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo: catena. Usukumani wakulima walishakuwa na majina ya pete za mnyororo huo. Juu, karibu na mawe ya itale, kuna mchanga wa luseni. Chini kabisa bondeni kuna udongo mweusi wa mbuga.

Udongo wa mbuga una madini ya mfinyanzi yanayonyonya maji na kuvimba. Ukilowa unanata, unajaa chini ya madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapa tairi nene haikuokoi. Inabeba tope jingi zaidi. Dawa ni nafasi: vua madigadi msimu wa mvua, tembea na kijiti cha kukwangulia, pita penye majani.

Sasa tazama jambo la kupendeza. Mvua inaharibu mbuga lakini inatengeneza luseni, kwa sababu maji kidogo kati ya chembe za mchanga huzivuta zishikane. Kiangazi ni kinyume: luseni inalegea, mbuga inakauka na kuwa ngumu kama sakafu, ila jihadhari na nyufa zake, maana zinaweza kumeza tairi nyembamba.

Kwa hiyo kama una njia mbili za kufika sehemu moja, kiangazi pita bondeni, mvua ikinyesha panda juu. Huna haja ya kuagiza baiskeli ya Alaska. Ukijua udongo uliopo chini ya tairi yako, nusu ya safari umeshaimaliza.