Uwakala wa Biashara na Amana Yake

Mwenye duka hawezi kuwako kila pahali. Huugua, husafiri kwenda Hija, huzeeka. Na mali yataka mkono wa kuiendesha. Kwa ajili hiyo sheria yetu imeruhusu uwakala, nao ni mtu kumpa mwenziwe amri ya kumfanyia jambo ambalo mwenyewe ana haki ya kulifanya.

Dalili yake imo katika Suratul-Kahf, aya ya 19, pale Watu wa Pango walipomtuma mmoja wao mjini na fedha yao awatafutie chakula. Na Mtume wetu (S.A.W.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Hadithi hii ameipokea Imamu Bukhari. Na tutazame: faida yote Urwa aliirejesha kwa mwenyewe, hakuitia mfukoni.

Nguzo za uwakala ni 4: mwenye kuwakilisha, wakili, jambo lenyewe, na tamko. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kumwambia mtu "nimekuwakilisha katika kila jambo langu" hakusihi. Sharti jambo lijulikane. Wakili wa kuuza asiyepewa ruhusa zaidi hauzi kwa hasara iliyo wazi, wala kwa mkopo, wala hajiuzii mwenyewe. Mkono wake ni mkono wa amana: mali ikipotea pasipo uzembe wake halipi, akipindukia mpaka, hulipa.

Tena mke mwenye mali yake ana haki ya kumwakilisha amtakaye na kumwondoa apendapo. Mume asidhani kuwa ndoa imekwisha kumpa uwakala huo.

Amma lililo kubwa, lenye kugombanisha ndugu wa tumbo moja, ni hili: uwakala hufa pamoja na mwenyewe. Baba akifariki, ile karatasi aliyo nayo mwana mkubwa ya kutoa fedha benki na kuuza bidhaa haina nguvu tena. Mali imekwisha kuwa ya warithi wote, na huenda miongoni mwao wamo mayatima, ambao khabari ya mwenye kula mali yao kwa dhuluma twaijua katika Suratun-Nisaa, aya ya 10. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ya tangu mwaka 1961, nayo kwa kawaida huukatisha uwakala kwa kifo, na hata mwenyewe akipotewa na akili. Atakaye mtu wa kumsimamia baada ya kufa, na aandike wasia. Hilo ni jambo jingine.

Basi wazee wetu, msitie sahihi karatasi isiyojazwa. Hati na itaje jina la wakili, duka, kazi aliyopewa, kiasi cha fedha asichopita, na siku ya mwisho. Mashahidi wawepo, na mwanasheria aitazame. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi vijana mliokabidhiwa, andikeni kila siku kilichoingia na kilichotoka, na mzee asomewe hesabu angali hai, mbele ya nduguze na wanawe. Hapo hapatakuwa na wa kumshuku mwenziwe siku ya matanga.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kurejesha amana kwa wenyewe. Amin.