Nafasi na Mipaka ya Polima katika Vidonge Vinavyoundwa kwa Leza: Mfano wa Prazikwanteli na Tiba ya Kichocho Mkoani Simiyu

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Simiyu, ambao makao makuu yake ni Bariadi, ulianzishwa rasmi mwaka 2012 ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Busega inapakana na Ziwa Viktoria, ilhali maeneo mengine ya mkoa hutegemea zaidi mito ya msimu, mabwawa na malambo. Mazingira hayo mawili yanalingana na aina mbili za kichocho zinazopatikana kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kichocho cha tumbo huenezwa na konokono wanaostawi kandokando ya ziwa, na kichocho cha mkojo huenezwa na konokono wanaomudu maji ya muda ya bara. Dawa inayotumika kwa aina zote mbili ni moja, yaani prazikwanteli.

Dawa hiyo hutolewa zaidi kwa wanafunzi katika kampeni za kumeza dawa shuleni, ambako idadi ya vidonge hukadiriwa kwa ubao wa kupimia urefu. Ubao huo huanzia sentimita 94, hivyo mtoto mfupi zaidi ya hapo hakuwa na nafasi juu yake. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ianze katika umri wa miaka miwili. Hata hivyo, kidonge cha kawaida cha miligramu 600 ni kikubwa, ni kichungu, na hulazimu kukatwa au kusagwa kabla ya kupewa mtoto mdogo.

Makala haya yanafafanua jinsi polima zinavyotumika katika vidonge vinavyoundwa kwa leza ili kuboresha dawa zenye umumunyifu hafifu, kisha yanapima iwapo mbinu hiyo inaweza kulikabili tatizo la mtoto huyo.

2.0 Umumunyifu kama Kiini cha Tatizo

Dawa inayomezwa haina budi kumumunyika katika majimaji ya tumbo na utumbo kabla ya kufyonzwa kuingia katika damu. Prazikwanteli imo katika kundi la dawa zinazopenya ukuta wa utumbo kwa urahisi lakini humumunyika kwa shida. Mililita moja ya maji humumunyisha takribani miligramu 0.4 tu. Kwa hesabu hiyo, kidonge kimoja cha miligramu 600 kingehitaji lita moja na nusu ya maji ili kimumunyike chote, wakati bilauri ya mililita 250 ingemumunyisha miligramu 100 pekee.

Chanzo cha ugumu huo ni mpangilio wa fuwele. Molekuli za dawa zimejipanga na kushikamana kwa nguvu, na maji hayana budi kuivunja nguvu hiyo kwanza. Mpangilio ukivurugwa, dawa hubaki katika hali ya amofasi, ambayo humumunyika kwa kasi zaidi. Kasoro ya hali hiyo ni kutotulia, kwa kuwa molekuli huelekea kujipanga upya na kurudi kuwa fuwele.

3.0 Kazi ya Polima

Polima huingia hapo kama mlinzi. Molekuli zake ndefu huzitenganisha molekuli za dawa, huzishika kwa vifungo vya haidrojeni na huzipunguzia mwendo. Mchanganyiko wa namna hiyo huitwa mtawanyo mango wa amofasi. Polima zinazotumika sana ni kopovidoni na hipromelozi.

Manufaa yake yameonekana katika tiba ya Virusi vya UKIMWI. Mwaka 1998, kapsuli za ritonaviri zilipata matatizo sokoni baada ya kutokea fuwele ya aina mpya iliyokuwa ngumu zaidi kumumunyika. Mwaka 2005, Marekani iliidhinisha kidonge cha lopinaviri na ritonaviri kilichotengenezwa kwa kuyeyusha dawa pamoja na kopovidoni. Kidonge hicho hakikuhitaji jokofu, tofauti na kile laini kilichokitangulia. Kwa zahanati isiyo na umeme wa uhakika, badiliko hilo la polima lilikuwa na uzito sawa na badiliko la dawa yenyewe.

4.0 Kuunganisha Poda kwa Leza

Mbinu ya kuunganisha poda kwa leza ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, katika miaka ya 1980, kwa matumizi ya uhandisi. Poda hutandazwa kwa tabaka jembamba na kupashwa joto. Leza hupita juu ya umbo linalotakiwa na kuziunganisha chembe, kisha tabaka jingine hutandazwa juu yake. Hakuna kiyeyushi kinachotumika wala shinikizo la mashine.

Mwaka 2017, watafiti wa University College London walionesha kuwa vidonge vya parasetamoli vinaweza kuundwa hivyo bila dawa kuharibika. Kwa kuwa poda nyeupe hainyonyi vyema mwanga wa leza waliyoitumia, waliongeza asilimia 3 ya kipakarangi kinachoruhusiwa katika dawa. Mwaka 2021, watafiti wa Austin walichanganya ritonaviri na kopovidoni na kupata hali ya amofasi ndani ya hatua hiyo moja ya uundaji.

Kasi ya leza ni kigezo muhimu. Leza ikienda polepole, chembe hupokea nishati zaidi, na kidonge huwa kizito na hutoa dawa taratibu. Ikienda haraka, kidonge hubaki na matundu mengi na husambaratika upesi kinywani. Sifa hii ya mwisho ndiyo inayomfaa mtoto asiyeweza kumeza kidonge.

5.0 Kupima Hoja kwa Hesabu ya Dozi

Prazikwanteli ya amofasi hulegea katika joto la takribani nyuzi 38 za Selsiasi, kiwango ambacho ghala lenye paa la bati linaweza kukikaribia mchana wa jua. Kopovidoni hulegea katika takribani nyuzi 101. Kanuni inayozoeleka ni kwamba mtawanyo uhifadhiwe nyuzi 50 chini ya joto lake la kulegea. Kwa hifadhi ya nyuzi 30, mchanganyiko unahitaji kulegea katika nyuzi 80 au zaidi. Mlinganyo wa Fox unaonesha kuwa sharti hilo hutimia iwapo dawa haizidi takribani asilimia 30 ya uzito. Unyevunyevu, ambao hushusha joto la kulegea, haumo katika hesabu hiyo, kwa hiyo kiwango halisi kinaweza kuwa cha chini zaidi.

Dozi inayotumika katika kampeni ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 600. Ikiwa dawa ni asilimia 30 tu ya kidonge, mtoto huyo atapaswa kupewa gramu 2 za vidonge. Ukubwa uliokuwa kikwazo mwanzoni unarudi, tena ukiwa umeongezeka.

Kuna vikwazo vingine viwili. Kwanza, ini huvunja sehemu kubwa ya prazikwanteli kabla haijasambaa mwilini, kwa hiyo umumunyifu bora hauhakikishi kiwango bora katika damu. Pili, leza huunda vidonge vichache kwa wakati mmoja, ilhali kampeni ya mkoa huhitaji vidonge kwa wingi ambao mashine za kawaida za kugandamiza huumudu.

Hesabu hubadilika kwa dawa ya dozi ndogo. Ivamektini, ambayo humumunyika kwa shida zaidi, hutolewa kwa maikrogramu 200 kwa kilo. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 4, na hata dawa ikiwa asilimia 10 tu, kidonge kitakuwa na miligramu 40.

6.0 Pamba na Malighafi ya Polima

Simiyu ni mkoa wa pamba, na selulosi ya pamba ni miongoni mwa malighafi za hipromelozi. Nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu baada ya pamba kuchambuliwa husafishwa na kubadilishwa kikemia ili kupata polima hiyo. Uhusiano huo ni wa kweli, lakini kati ya kiwanda cha kuchambua pamba na polima ya kiwango cha dawa kuna hatua za usafishaji, upimaji na udhibiti zinazohitaji uwekezaji wa aina nyingine kabisa.

7.0 Hitimisho

Ufafanuzi huu unaonesha kuwa polima hutatua tatizo la umumunyifu kwa gharama ya uzito wa kidonge, na kwamba dozi ndiyo inayoamua kama gharama hiyo inabebeka. Kwa prazikwanteli ya kampeni, haibebeki. Njia yenye matumaini zaidi kwa watoto wadogo ni ile iliyofuatwa katika kidonge cha miligramu 150 cha aprazikwanteli kinachosambaratika majini, ambacho Shirika la Dawa la Ulaya lilikitolea maoni chanya Desemba 2023. Kidonge hicho kina ile nusu ya molekuli za prazikwanteli inayoua minyoo, na kimeacha nusu inayochangia zaidi uchungu. Vidonge vya leza vinabaki na nafasi katika dawa za dozi ndogo na katika majaribio ya awali ya maabara. Utafiti wowote wa aina hiyo kwa ajili ya Simiyu unapaswa kuanza na uzito wa mtoto na joto la ghala, kabla ya uteuzi wa polima.