Kofia ya Sauti Nene na Masikio ya Bibi

Siku chache kabla ya Krismasi, Moshi hufurika. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hushusha familia nzima na mizigo yao, kisha magari madogo huwapandisha mlimani: Kibosho, Uru, Marangu, Mwika, Rombo, kila mtu kwao. Kwenye mizigo hiyo, kati ya mchele na vitenge vya bibi, mara nyingine huwamo kichezeo cha mjini: kofia ya plastiki inayofunika kichwa kizima na kubadilisha sauti ya aliyeivaa.

Mtoto akiivaa, akabonyeza kitufe na kusema "Shikamoo bibi," inatoka sauti nzito ya mtu mzima mwenye kifua kipana. Bibi anaweza kushtuka. Lakini mwache mtoto aongeze sentensi mbili tatu, na bibi ataitikia marahaba huku akimtaja mjukuu kwa jina. Amemjuaje?

Kofia za namna hii zilipata umaarufu kutokana na Darth Vader, yule mwovu wa filamu ya Star Wars iliyotoka mwaka 1977. Mwaka 2004 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa kofia yake ya kuchezea, yenye kunenepesha sauti na kutoa ule mhemo wa kutisha, ambao mtaalamu wa sauti Ben Burtt aliurekodi kwa kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Ndani ya vazi lenyewe kwenye filamu alikuwamo David Prowse, Mwingereza wa Bristol, mrefu na mwenye misuli. Maneno yote aliyatamka yeye wakati wa kupiga picha, lakini watazamaji hawakuyasikia. Lafudhi yake ya kwao ilikuwa nzito kiasi kwamba wenzake walimtania kuwa ni mkulima, na mwishowe sauti iliyowekwa ikawa ya Mmarekani James Earl Jones.

Kichezeo hakina James Earl Jones ndani yake. Kina maiki ndogo mbele ya mdomo, chipu, spika na betri. Tunapozungumza, nyuzi za sauti kooni hutetemeka: za mwanamume mara 120 hivi kwa sekunde, za mwanamke mara 200 na kidogo, za mtoto zikikaribia 300. Kadiri mitetemo inavyokuwa michache, ndivyo sauti inavyokuwa nene. Chipu huigeuza sauti kuwa namba, maelfu ya namba kila sekunde, kisha huitoa tena ikiwa imepunguzwa mitetemo. Kama ingeirudisha polepole tu, maneno yangevutika. Kwa hiyo huikata vipande vidogo sana na kuvipanga upya, ili mwendo wa usemi ubaki uleule.

Kazi hiyo huchukua muda, ingawa ni mdogo. Mtu akisikia sauti yake imechelewa kwa takriban sehemu moja ya tano ya sekunde, ulimi wake huanza kubabaika, hata kama ni msemaji hodari. Mtoto anayeanza kukokota maneno ndani ya kofia iliyochelewesha sauti hafanyi mzaha. Masikio yake yanamvuruga. Mzazi naye aangalie mahali pa betri. Zile bapa za mviringo, zenye umbo la kifungo, zikimezwa zinaweza kuunguza koo la mtoto ndani ya saa 2, hivyo kifuniko kisichofungwa kwa skrubu ni sababu tosha ya kukirudisha kichezeo dukani.

Turudi kwa bibi. Chipu imegusa unene wa sauti, basi. Haijagusa namna mtoto anavyoitamka r, anavyokata pumzi, anapopandisha sauti na anapoishusha. Waweke binamu watatu kwenye kofia moja, mmoja amekulia Dar es Salaam, mwingine Machame, wa tatu Rombo. Wote watatoka na sauti nene ileile, na hakuna atakayefichika. "Aisee" ya Moshi inabaki kuwa ya Moshi hata ikitoka kwenye kifua cha jitu.

Kichaga kinaifanya kofia hii ivutie zaidi. Lugha za mlimani, Kimachame, Kivunjo, Kirombo na nyinginezo, hutumia toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Kofia inayoshusha sauti yote kwa uwiano mmoja haiharibu kitu, kwa sababu silabi ya juu inabaki juu ya jirani yake. Vipo vifaa vingine vya sauti ya roboti, vinavyoilaza sauti nzima kwenye usawa mmoja. Vifaa hivyo hukifutia Kichaga kipande kizima. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, ila nacho hupoteza kitu: "Amefika" na "Amefika?" huwa sentensi moja.

Wamakonde wa Mtwara na wa ng'ambo ya mto Ruvuma wamejua kwa vizazi vingi kwamba kumficha mtu ni kazi kubwa. Kinyago chao cha mapiko, kilichochongwa kwa mti mwepesi, huvaliwa kichwani kama kofia, na mchezaji huchungulia kupitia mdomo wake. Hawakuishia usoni. Nguo hufunika shingo na mwili wote ili ngozi isionekane, na jina la aliyemo ndani hulindwa kwa siri.

Siri hiyo ina uzito mwingine kwa mtu anayetoa ushahidi. Tanzania ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi tangu mwaka 2015, na watazamaji wa televisheni wamezoea kuona kivuli cha mtu kikizungumza kwa sauti iliyonenepeshwa. Kwa wasiomfahamu, kivuli hicho ni mtu yeyote. Kwa jirani zake wa kule mlimani, Kirua au Mamba, mitamko miwili mitatu inaweza kumtaja, na wenye ujuzi wa kompyuta mara nyingine huweza kuirudisha sauti karibu na ilivyokuwa. Ndiyo maana watangazaji makini huiacha kabisa sauti ya shahidi, wakamtafuta mtu wa eneo jingine ayasome maneno yake.