Kuku Mgonjwa Nyumbani: Tumtunze Namna Gani?

Katika parsele nyingi za Goma kuku mmoja huwa ni wa mtoto. Ana jina, anakula mkononi, na mayai yake hununua daftari. Akianza kusinzia mchana, mabawa yamelegea, watu husema achinjwe au apelekwe sokoni upesi. Tunaomba msifanye hivyo.

Mtengeni kwanza, katika katoni yenye nyasi kavu. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku humaliza kuku mgonjwa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inatosha. Msiweke mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa. Hewa yake huua hata watu. Nanyi mnaokaa upande wa Sake mnayajua mazuku, ile hewa nzito inayolala mabondeni. Kuku akiangukia huko, msimfuate shimoni.

Mpeni maji safi yenye sukari na chumvi kidogo sana, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, ameze mwenyewe. Mkimmiminia kooni yataingia mapafuni. Uji mwepesi utafuata akishameza vizuri.

Halafu tazameni mavi yake. Yakiwa na damu, mara nyingi ni koksidiosi, nayo ina dawa. Daktari wa mifugo atawapa kipimo. Yakiwa ya kijani, shingo ikapinda na kupumua kukawa kwa shida, huenda ni ugonjwa wa Newcastle, ambao majirani zetu wa Kenya na Tanzania huuita kideri. Huo hauna dawa, hata antibiotiki haziui virusi vyake. Wachache hupona kwa kutunzwa tu, wengine shingo ikibaki imepinda. Kinga ni chanjo: ile ya I-2 ni tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi minne, kwa kuku wazima.

Kuku mwenye kideri akipelekwa soko la Virunga, au akiletwa ibadani kama sadaka, ugonjwa utaingia parsele nyingi kwa siku chache. Kwa maoni yetu, afadhali kuja mikono mitupu.

Akifa, asiliwe. Kuchimba kwenye mawe ya volkano ni kazi ngumu, basi mchomeni. Wakifa wengi kwa pamoja, mwiteni daktari wa mifugo, maana mafua ya ndege huweza kumpata binadamu, na mtoto aliyekuwa akimlisha kuku anawe mikono kwa sabuni.