KARAMU BILA NYAMA

Katika somo la Kiingereza tulikuta neno Thanksgiving, maana yake Sikukuu ya Shukrani, pamoja na picha ya dindo (wengine wanasema bata mzinga) katikati ya meza. Mwanafunzi mmoja akauliza: « Na wale wasiokula nyama, ile siku wanakula nini? » Darasa lote likacheka. Mwingine akajibu: « Karamu bila nyama, ile ni karamu gani? »

Sisi wengine hatukucheka. Kati yetu kuna wanaojua sikukuu ambayo mama anafunga mlango wakati wa kula, ili majirani wasione kwamba mu sufuria muko maharagi tu. Juu ya hiyo tumeandika.

Kwanza sikukuu yenyewe. Marekani wanaifanya Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, kwa sheria ya mwaka 1941. Rais Lincoln alikuwa ameitangaza kwa taifa lote tangu 1863. Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Ni majira ambayo kule majani ya miti yanaanguka, mavuno yameisha kuingia ghalani na baridi inakaribia. Wanakumbuka karamu ya mwaka 1621 huko Plymouth, ambapo Waingereza wahamiaji walikula siku tatu pamoja na wenyeji, Wawampanoag. Tusidanganye: nyama ilikuwako, ndege wa porini na kulungu watano. Lakini kilichowaokoa wale wageni na njaa ni mahindi, na mwenyeji Tisquantum ndiye aliyewaonyesha namna ya kuyapanda. (Wazao wa wenyeji hawafurahi wote siku hiyo. Tangu 1970 wamoja wao wanakusanyika Plymouth kwa maombolezo, sababu baada ya ile karamu walipoteza nchi yao.)

Wenyeji wengi wa kule walipanda mahindi, maharagi na maboga katika shamba moja. Haragi linapanda juu ya bua la hindi na kurutubisha udongo. Majani ya boga yanafunika chini, magugu yanakosa jua. Mama zetu wa Kivu wanafanya vile vile, na si ajabu: mimea hiyo mitatu ilitoka Amerika. Hata karanga, viazi vitamu na mihogo vilitoka huko, vikavuka bahari baada ya mwaka 1492, na merikebu za Wareno zilileta vingi kwenye pwani ya Kongo. Basi mwenye kusema kwamba sombe ni chakula chetu tangu uumbaji, afikiri tena kidogo! Na mwili unapenda mahindi pamoja na maharagi, kwa sababu kile kinachopunguka katika protini ya hindi kinapatikana katika haragi, na kinachopunguka katika haragi kiko katika hindi.

Sasa jikoni. Watu wengi wanakosea hivi: wanaondoa dindo na kuacha shimo katikati ya meza. Zinabaki mboga za pembeni tu, na wageni wanaulizana kwa macho: « Nyama iko wapi? » Tulijiuliza ni nini hasa wanachotafuta. Tukaona ni vitu vine: harufu ya kitu kilichokaangwa mpaka kikawa na rangi, mafuta, chumvi, na kitu kimoja kikubwa cha kukatwa mbele ya watu wote. Mboga zinaweza kutoa hivyo vyote vine.

Kitu kikubwa kitakuwa boga la kilo mbili au tatu. Kateni kifuniko juu, toeni mbegu, pakeni ndani mafuta na chumvi, kiisha lipikeni ndani ya furu karibu saa moja. Asiye na furu atatumia sufuria kubwa yenye makala chini na makala juu ya kifuniko. Likianza kuwa laini, lijazeni mahindi na maharagi yaliyokwisha kuiva, vitunguu, uyoga na karanga za kutwangwa, mulirudishe kwa nusu saa. Vile vya ndani visiwe na maji mengi, boga lisije likapasuka.

Vitunguu ndivyo vyenye kazi kubwa. Vikaangeni polepole mpaka viwe vya rangi ya kahawia kweli, si kulainika tu. Uyoga uingie kwanza katika sufuria kavu mpaka maji yake yaishe, ndipo mutie mafuta na chumvi. 

Maharagi yalitupatisha haya. Mara ya kwanza tulitia tomati mapema, tukachoma makala mpaka mangaribi, maharagi bado yalikuwa kama kokoto. Uchachu wa tomati unazuia maharagi kulainika. Sherti yaive kwanza, tomati ifuate. Tena, maharagi mekundu yalale ndani ya maji usiku mzima, maji yale yamwagwe, halafu yachemke kwa nguvu dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Yasipochemka vizuri yana sumu ya kuumiza tumbo.

Jambo lingine ni uaminifu. Kule Marekani supu ya mifupa inajificha mara nyingi ndani ya mchuzi, na mara nyingine mafuta ya nguruwe ndani ya keki ya boga. Kwetu anayejificha ni samaki mkavu ndani ya sombe, « kidogo tu, juu ya ladha ». Ukimwambia mgeni kwamba hamna nyama wala samaki, basi isiwemo hata kidogo. Karanga na mafuta ya mawese vinatosha kabisa, tumeonja. Ndugu zetu wengi wa Kivu wanaoishi sasa Marekani wanapika sombe siku hiyo, na pembeni ya boga inakaa vizuri sana.

Mbegu za boga musizitupe. Zioshwe, zikauke juani, zikaangwe na chumvi. Wageni watazitafuna wakingoja.