Mombasa: Mji Uko Kisiwani

Mombasa ni kisiwa, na wageni wengi huondoka bila kulitambua hilo. Hushuka kwenye treni ya Madaraka Express huko Miritini, ambako ni bara, wakapanda gari moja kwa moja hadi hoteli za Nyali, Bamburi au Diani, ambako pia ni bara, wakaogelea siku tatu na kurudi walikotoka. Fuo hizo ni nzuri kweli. Lakini mji wenyewe, ulioishi karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa, umekaa kwenye kisiwa kidogo kati ya mikono miwili ya bahari: Tudor upande wa kaskazini na Kilindini upande wa kusini. Daraja la Nyali linakiunganisha na bara ya kaskazini, njia ya Makupa inaelekea Nairobi, na Likoni watu huvuka kwa feri, ambayo mwenda kwa miguu hatozwi nauli.

Jua lipo mwaka mzima, ila upepo ndio unaopanga majira. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, na Februari na Machi huwa ndiyo miezi ya joto kali kuliko yote. Aprili na Mei ni masika. Kisha kusi hushika, na kuanzia Juni hadi Agosti hewa hupoa kiasi cha mtu kujifunika shuka usiku. Kwa msimu wowote ule, adhuhuri si saa ya kutembea. Wenyeji wenyewe hujificha ndani, na mitaa ya kale hunyamaza mpaka alasiri. Afadhali mgeni aanze matembezi saa mbili za asubuhi, apumzike saa sita, atoke tena saa kumi.

Asubuhi hiyo ni ya Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwenye mlango wa bandari ya kale, kwa ramani ya msanifu wa Kiitalia, Giovanni Battista Cairati. Jina la zamani la mji, Mvita, wengi hulihusisha na vita, na ndani ya kuta hizi mtu huelewa kwa nini. Mwezi Machi 1696 Waarabu wa Oman waliizingira ngome, na haikuanguka mpaka Desemba 1698. Waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na njaa na maradhi kuliko risasi. Meli ya Kireno, Santo António de Tanná, ilikuja kuwaokoa ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Vyombo vilivyoopolewa na wapiga mbizi vimewekwa kwenye makumbusho yaliyofunguliwa humo mwaka 1962. Kabla ya hapo, Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kitu kisichofaa kupitwa haraka ni michoro ya ukutani waliyoiacha askari wa Kireno: meli, samaki, watu. Imechorwa na mikono isiyokuwa na ufundi mkubwa, na ndiyo maana inagusa. Hao walikuwa vijana walioitazama bahari kila siku wakingoja meli ya kwao.

Ukitoka langoni, Mji wa Kale uko palepale. Huu ni wa miguu tu. Tuktuk huingia, lakini aliyeketi ndani yake haoni kitu. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye sakafu za juu za boriti za mikoko, zimesogeleana hadi kivuli cha moja hufunika mlango wa nyingine, na hapo ndipo penye baridi. Juu kuna roshani za mbao, chini milango ya nakshi, na kando ya mlango baraza ya kukalia. Humo mna Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa karibu mwaka 1570, na mnara wake mweupe mnene unaochongoka kuelekea juu. Ni mtaa wa watu wanaoishi, si makumbusho: mavazi ya heshima yanatakiwa, na picha ya mtu haipigwi kabla ya kumwomba.

Kutoka hapo hadi soko la Marikiti ni mwendo mfupi, na pua ndiyo inayoongoza. Iliki, mdalasini, karafuu, bizari na pilipili manga zimepangwa kwa vilima, na muuzaji hukufungia mchanganyiko wa pilau papo hapo. Mtaa wa Biashara, ulio karibu, ni wa leso, vazi ambalo Tanzania huitwa kanga. Leso ina pindo, mji, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye mji huo. Mama wa Mombasa akiingia dukani, aghalabu hulisoma jina kwanza. Rangi huja baadaye. Leso ya rangi nzuri yenye jina la kuchokoza jirani haifai kumpelekea mamamkwe. Leso huuzwa jozi ikiwa kitambaa kimoja, hukatwa katikati na kupindwa, na mafundi wa kupinda wako barazani na cherehani zao.

Kwa anayetaka bahari, bara ya kaskazini ina ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, unaojulikana zaidi kama Pirates, ambako familia hujaa Jumapili, watoto wakielea juu ya tyubu za magari na ngamia wakipita mchangani. La muhimu ni kuuliza maji. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3; aliyefika maji yakiwa yamekupwa atakuta mwani na mwamba badala ya mahali pa kuogelea. Katika Bamburi, Haller Park ni machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji, yaliyokuwa jangwa la mawe matupu mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje humo mwaka 1971. Leo ni msitu wenye twiga na viboko. Hapo ndipo mtoto wa kiboko aitwaye Owen, aliyeokolewa Malindi Desemba 2004, alipojiambatanisha na kobe mkongwe aitwaye Mzee, wakawa hawaachani.

Kilichobaki ni chakula, nacho ndicho kinachowarudisha watu Mombasa. Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331 akaandika kwamba wenyeji wanakula ndizi na samaki. Ndizi mbivu bado huwekwa pembeni ya sinia la pilau. Samaki, changu au tewa, huchomwa kwanza juu ya makaa, kisha hupakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili, akageuzwa na kupakwa tena hadi tui limgande: huyo ndiye samaki wa kupaka, na hana mshindani. Biriani ya Mombasa hupikwa wali mbali na nyama mbali, vikakutana sahanini.

Lakini siku huanza na mahamri kwa mbaazi za nazi. Unga hukandwa kwa tui, sukari, hamira na iliki, ukaachwa uumuke, ukasukumwa duara na kukatwa pembe. Yakitiwa katika mafuta ya moto, mahamri huvimba yakawa na uwazi ndani, na uwazi huo ndio unaozoa mbaazi. Yasiyovimba humwaibisha mpishi.

Alasiri ni zamu ya vikaango vya barabarani. Viazi karai huchemshwa, huchovywa katika uji wa unga wa manjano, hukaangwa, kisha humwagiwa chatini ya ukwaju. Mahali pa kuvila ni Mama Ngina, kando ya mlango wa Kilindini, penye mibuyu mikubwa, ambapo wenyeji wengi bado hupaita Lighthouse. Hapo muhogo huchomwa, ukapasuliwa kwa kisu, ukatiwa chumvi, pilipili na ndimu. Muuza madafu hulikata dafu kichwa kwa mapigo matatu, na ukishakunywa hulipasua, akachonga kipande cha ganda kikawa kijiko cha kulia nyama yake. Meli za makontena zinazoingia bandarini hupita karibu mno, kiasi cha kuwaona mabaharia wakisimama sitahani.

Jua likishatua, muuza kahawa hupita na dele lake la shaba lenye makaa chini, akigonganisha vikombe ili watu wamsikie. Kahawa tungu haina sukari; utamu uko kwenye kashata au kipande cha halua. Wakati wa Ramadhani, mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, na baada ya tarawehe mitaa hiyo huwaka taa, kaimati na mishkaki vikiuzwa mpaka karibu na daku.