Kuendesha Gari Penye Mawe (Sehemu ya 2): Kushuka Mteremko

Katika sehemu ya kwanza tulieleza matairi na upepo wake. Leo tunashuka mlima, kazi inayowatia hofu madereva wengi kuliko kupanda, na hofu hiyo ina sababu. Gari likishindwa kupanda, husimama. Likishindwa kushuka, halisimami.

Msomaji aliye Gikundamvura, wilayani Rusizi, anaishi jirani na darasa kubwa la somo hili. Bonde la mto Rusizi penye uwanda wa Bugarama ndipo mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda, kiasi cha mita 950 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460. Mto unazimaliza mita hizo 500 katika kilomita zipatazo 40, ukipita kwenye korongo jembamba, na ni maporomoko hayo yaliyofanya mitambo ya umeme ya Rusizi I na Rusizi II ijengwe humo. Barabara yoyote inayotoka ziwani kwenda uwandani haina budi kuporomoka pamoja na mto.

Upande wa Rwanda kuna lami kutoka Kamembe hadi Bugarama. Upande wa Kongo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, kuna Ngomo: njia ya udongo na mawe iliyochongwa ubavuni mwa mlima, mkono mmoja ukuta, mkono wa pili genge. Kwa miaka mingi wasafiri wa Bukavu na Uvira wameona heri wavuke mpaka mara mbili na kupita Bugarama kuliko kuikabili Ngomo. Lakini si kila mtu ana hati au nauli ya kuzunguka. Kuna mkulima mwenye mihogo, kuna mgonjwa anayewahishwa hospitali, na dereva wao anastahili kujua gari lake linafanya nini pale juu.

Tuanze na hesabu. Gari la tani tatu, pamoja na mzigo wake, likishuka mita 500 linaachia nishati ya kutosha kuchemsha lita zaidi ya 40 za maji. Joto hilo lazima liende mahali. Dereva anayetegemea breki peke yake analielekeza lote kwenye vipande vichache vya chuma nyuma ya magurudumu. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, lakini hunyonya unyevu kadiri muda unavyopita, na yakishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei, kwa hiyo pedali inazama hadi sakafuni na gari haliitiki. Abiria husema breki zimekatika, kumbe hakuna kilichokatika.

Kwanza, dawa yake ni injini. Gari lenye gia nzito, ile inayowekwa kwa kigingi cha pili cha gia, likiwa kwenye namba moja, injini yake huzunguka zaidi ya mara 40 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Injini ikiwa inanguruma polepole bila kukanyagwa, gari linakwenda kilomita zisizofika tatu kwa saa, pungufu ya mwendo wa mtu anayetembea. Mteremko unapolisukuma, ni lazima uizungushe injini nzima mara 40 ili kupata duara moja la tairi, na injini inakataa. Joto linatolewa na rejeta na bomba la moshi, vyombo vilivyoundwa kwa kazi hiyo, na breki zinabaki baridi kwa ajili ya dharura.

Hapo kuna sharti lisilojadiliwa: gia huchaguliwa juu, kabla gari halijainamisha pua. Ukikanyaga klachi katikati ya mteremko ili ubadilishe, umelitenga gari na injini yake kwa nukta hiyo, na huenda gia isiingie tena. Mwenye gari la otomatiki naye aweke L au 1 kwa mkono, asiliachie gari liamue.

Pili, shuka kwa miguu kwanza. Tafuta jiwe refu kuliko nafasi iliyo chini ya difu na sampu ya mafuta. Dereva mgeni huliweka jiwe hilo katikati ya magurudumu, akidhani amelikwepa, na ndilo linalopasua sampu. Mzoefu hulipandisha tairi juu yake, tumbo la gari likainuka na kupita salama. Utingo asimame mbele, mahali anapoonekana, pembeni mwa njia ya gari, naye pekee ndiye atoe ishara. Watu wanne wakipiga kelele za kushoto na kulia, dereva hana anayemsikia. Vidole gumba vikae nje ya usukani, kwa sababu jiwe likilipiga gurudumu usukani huzunguka ghafla na kuvivunja.

Tatu, soma hali ya mwamba. Katika makorongo ya Omani, kama Wadi Bani Awf inayoshuka kutoka milima ya Hajar, mwamba mkavu wa chokaa hulishika tairi vizuri; adui ni mafuriko ya ghafla yanayotokana na mvua iliyonyesha mbali. Kwetu mvua hutandaza udongo mwororo juu ya jiwe, na tairi huteleza bila kuligusa. Nyuma ikianza kwenda upande, mguu wa dereva hukimbilia breki. Auondoe. Magurudumu yaliyofungwa hayaligeuzi gari kokote. Akanyage mafuta kidogo sana, magurudumu yazunguke sawa na mwendo wa gari, usukani urudishe utii.

Na injini ikizimika wakati wa kupanda, usijaribu kugeuza. Gari lililokaa kingamo kwenye mteremko hupinduka. Kanyaga breki, weka handibreki, ingiza rivasi katika gia nzito, utingo akiwa kando, kisha washa injini na urudi chini kwa mstari ulionyooka hadi mahali tambarare.

Hakuna katika haya kinachodai gari jipya. Kinachodaiwa ni dereva kufundishwa, na vyama vya madereva wa pande zote mbili za Rusizi vina wazee wanaoyajua haya kwa mikono yao. Vyama hivyo viwape siku moja kwa mwezi kuwafundisha vijana mlimani, gari likiwa tupu, kabla ya kijana kukabidhiwa roho za watu.

Sehemu ijayo: kuvuka mto, kina cha maji na nguvu ya mkondo.